Wasikilizaji Waliothibitishwa

Nchi yenyewe jina lake silitaji. Si kwa woga, la hasha. Kulitaja kunahitaji kibali, na anayetoa vibali amekwenda kunywa chai tangu mwaka juzi. Kaeni vizuri mnisikilize, na atakayeona nchi hii inafanana na kwao basi ajue ni macho yake.

Katika nchi hiyo kuimba hakujakatazwa. Wapo watu wa nje wenye midomo michafu wanaosema kumekatazwa, lakini wanaionea tu. Kila mwananchi ana haki ya kuimba kadiri ya pumzi zake. Kilichowekewa utaratibu ni kusikika. Serikali, kwa huruma yake, iliona kwamba wananchi wakisikika ovyo ovyo watagongana, ndipo ikaunda Wizara ya Kusikika, ikaijengea jumba refu kuliko hospitali, na ikapitisha sheria kwamba mwimbaji asiye na kampuni ya kumsimamia ataitwa msanii huru. Na msanii huru ni kama mbuzi aliyekata kamba. Hana kosa lolote, ila atakayemkuta anaruhusiwa kumkamata.

Mama mmoja aitwaye Sikudhani alikuwa msanii huru bila kujijua. Alichojijua yeye ni kwamba ana mashine ya kusaga pale kijijini Kitongwe, ukingoni mwa Mto Nyakera, mashine aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kwamba mashine ile ina kelele za kutosha wilaya nzima. Akitaka kuongea na wanawake waliopanga foleni na mahindi yao lazima apaze sauti, na mtu akipaza sauti kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, mwisho hujikuta anaimba. Alikuwa na sauti pana, yenye kukwaruza kidogo, sauti ya mtu aliyekula vumbi la unga maisha yake yote. Mashine ikinguruma, yeye yuko juu yake. Wanawake humwitikia wakiongozwa na wifi yake Zamoyoni, dada wa marehemu, na ubavuni mwa Zamoyoni husimama Tunu, mke wa jirani, mwanamke wa vicheko ambaye angeweza kucheka hata msibani na watu wakamsamehe.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa mto. Kitongwe iko upande mmoja wa Nyakera. Barabara, zahanati na soko viko upande wa pili. Daraja lilishazinduliwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuja waziri akakata utepe. Mara ya pili alikuja waziri mwingine akasema utepe ule ulikatwa vibaya, akaukata upya. Kilichobaki ni kujenga. Vijiti viwili vya kufungia utepe vipo mpaka leo, navyo vimesaidia, kwa maana watu huvitumia kama alama ya mahali pa kuingilia majini. Wengine huingia wasitoke. Mshindo, mume wa Sikudhani, aliingia akiwa na mkanda mpya wa mashine begani. Mkanda ulipatikana.

Sasa, watu wa Kitongwe wana desturi yao. Jina la mtu kuimbwa ni heshima inayopita ng'ombe. Wanasema mcheza kwao hutuzwa, kweli, lakini aliyetuzwa naye ana deni la adabu: akipewa kitu, hata yai, sharti amuulize aliyempa jina lake na kwao, amtie kwenye ubeti unaofuata. Asiyeuliza huitwa mwizi wa tuzo, na hatamwona tena mtu wa kumwalika hata kwenye unyago. Kwa hiyo katika wimbo wa mto Sikudhani aliwataja waliochukuliwa na maji, mmoja mmoja na kwao, na wanawake wakaitikia, "Mrudishe, Nyakera." Mwisho wa wimbo waliomba wajengewe pa kupita. Hakuna zaidi ya hapo walichokitaka.

Barua walishaandika. Majibu yalikuja, yakawapongeza kwa mwandiko mzuri. Likabaki sikio moja tu. Rais wa nchi ile, ambaye cheo chake rasmi ni Mtukufu Msikilizaji Mkuu, kila Ijumaa akiwa mezani husikiliza wimbo mmoja kutoka Redio ya Nchi, wimbo wa juma, na ukimgusa hutoa amri hapo hapo kabla ya matunda. Uliwahi kupigwa wimbo wa kumsifu mbuni, na baada ya siku chache mkoa mzima uliletewa mbuni bila kuwaomba. Sikudhani aliwaza kwamba kama mbuni wamewezekana, daraja litashindikanaje.

*

Ujumbe uliingia kwenye simu yake wakati anachekecha unga. "Hongera! Tumeusikia wimbo wako na umetugusa sana. Una kipaji cha pekee ambacho taifa limekuwa likikisubiri. Nafasi ni chache. Wizara ya Kusikika."

Sikudhani alikaa juu ya gunia. Tunu, aliyekuwa akiusoma juu ya bega lake, alicheka, akatoa simu yake kifuani. Naye alikuwa nao, neno kwa neno, na Tunu hajawahi kuimba peke yake hata bafuni. Zamoyoni alikuwa nao. Mzee Kitwana fundi viatu, ambaye ni bubu tangu kuzaliwa, naye taifa lilikuwa likimsubiri. Kisha ikalia simu ya mashine, ile namba ambayo wateja hutumia kulipia kusaga, na ujumbe ulikuwa huu: "Ndugu MASHINE YA KUSAGA KITONGWE, hongera! Tumeusikia wimbo wako."

Hapo mwenye akili angeshtuka. Lakini mtu mwenye shida akili huiweka pembeni kwanza.

"Wamejuaje kama hapa pana mashine?" aliuliza Sikudhani. "Si wameisikia? Na kama mashine wameisikia, mimi ninayeimba juu yake watakosaje kunisikia?"

Wanawake walifikiri, wakaona ana hoja. Akajibu ujumbe siku hiyo hiyo.

*

Aliyetumwa na wizara aliitwa Bwana Fumbata, Mkurugenzi Msaidizi wa Vipaji Visivyosikika. Alifika kwa gari jeupe mpaka upande wa barabara, akautazama mto, akavua viatu, akavivaa tena, akabebwa mgongoni na wanaume wawili kwa kupokezana. Huko juu alipokuwa aligeuza shingo huku na huku.

"Mandhari safi sana," alisema. "Hapa video inapigika."

"Mheshimiwa," alisema aliyembeba, maji yakiwa yamemfika kifuani, "unaona mwenyewe, hatuna daraja."

"Daraja lipo. Nimeviona vijiti vya utepe."

Alipofika mashineni alipewa kiti na togwa. Sikudhani alizima mashine, akajifunga khanga vizuri, akasafisha koo. Bwana Fumbata aliinua mkono.

"Hapana, mama. Wizara haisikilizi wimbo kabla ya malipo. Huo ni upendeleo."

"Lakini ujumbe ulisema mmeshausikia."

"Tumeusikia kiwizara."

Kisha akasimama na kutoa hotuba, ingawa waliokuwepo walitosha kuenea kwenye mkeka mmoja. Alisema kipaji bila utaratibu ni kelele. Alisema chanda chema huvikwa pete, ila pete haiji yenyewe. Akavitaja vifurushi. Wa Kifurushi cha Kiwavi jina lake husomwa kwenye korido za wizara wakati wafanyakazi wanatoka kula. Wa Kipepeo wimbo wake hupigwa ndani ya lifti, mradi lifti iwe nzima. Wa Tai huletwa mjini, akaimba ndani ya Jumba la Usikivu, mbele ya ukumbi uliojaa wasikilizaji waliothibitishwa, moja kwa moja kupitia Redio ya Nchi, na huyo ndiye anayeingia kwenye kinyang'anyiro cha wimbo wa juma.

"Wahenga walisema kizuri chajiuza," alisema Zamoyoni.

"Wahenga hawakuwa na wizara."

"Na hao waliothibitishwa ni watu gani? Mbona sisi tunamsikiliza kila siku?"

Bwana Fumbata alimtazama kwa huruma. "Ninyi ni majirani, dada yangu. Jirani hasikilizi. Jirani anasikia kwa sababu hana pa kuhamia."

Wanawake waliinamisha macho. Wengine waliona haya kabisa, kwa miaka yote ile waliyomwitikia mwenzao bila kuwa na sifa.

Kifurushi cha Tai hakilipwi kwa kuku. Bwana Fumbata alizungusha macho chumbani, yakatua kwenye mashine, yakatulia hapo. Ile mashine ndiyo iliyobaki ya Mshindo, na ndiyo iliyolisha nusu ya Kitongwe. Sikudhani akasema apewe muda afikiri.

"Ufikiri nini, dada?" alisema Tunu. "Mashine haijamzuia mtu kuzama. Mwache aichukue. Sisi tutatwanga, mikono tunayo." Akanyoosha viganja vyake mbele, akacheka, na wenzake wakacheka naye.

"Maji ukiyavulia nguo yaoge," alisema Zamoyoni. "Wimbo ukimfikia Mtukufu, tutanunua mashine nyingine na tutaipitisha darajani."

Basi mashine ikang'olewa, ikavushwa kwa chelezo cha mapipa. Baada ya hapo Kitongwe palikuwa kimya, na watu wakaanza kuusikia mto hata wakiwa ndani ya nyumba zao. Hawakuupenda ukimya ule, ila hakuna aliyesema, maana wote walikuwa wamekubali.

Jambo la mwisho lilikuwa maneno ya wimbo. Bwana Fumbata, ambaye bado hakuwa ameusikia, aliufanyia marekebisho. Majina yote ya marehemu aliyafuta, akisema marehemu hawanunui kitu. Mto akaufanya mpenzi. Ikawa, "Nyakera mpenzi, nirudishie moyo."

"Na daraja?" aliuliza Sikudhani.

"Mtukufu ni mwepesi wa kuelewa. Ukimwambia moyo, yeye mwenyewe ataona daraja."

Sikudhani alikubali kwa mdomo tu. Moyoni alijiambia, ngoja kwanza nifike.

*

Mjini alipewa Chumba cha Nyota. Ilikuwa stoo ya mafagio iliyochorwa nyota mlangoni. Aliambiwa asitoke na asiongee na wasikilizaji, kwa maana nyota haongei na umma, kazi yake ni kung'aa. Alikaa na mafagio yake akisikia upande wa pili wa ukuta makofi yakifanyiwa mazoezi, mtu akipaza sauti, "Tena, na safari hii kwa furaha." Maskini alifarijika. Alidhani wanamwandalia mapokezi.

Onyesho lilikuwa saa tano asubuhi, saa ambayo umeme hupatikana. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Juu ya jukwaa palikuwa na taa za rangi, na wasikilizaji walikuwa wakizitazama hizo kuliko walivyomtazama yeye. Ikiwaka ya kijani walipiga makofi. Ikiwaka ya njano walilia. Mzee mmoja wa safu ya mbele alilia kabla ya njano, akafinywa na msimamizi.

Sikudhani aliimba habari za mpenzi. Alikuwa amefika ubeti wa pili alipogundua kitu kilichomsumbua. Kila alipovuta pumzi, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Watu wa kawaida hawasikilizi hivyo. Watu wa kawaida hupumua wanapotaka. Kwao mashineni hata Zamoyoni hakuwahi kupumua naye pamoja.

Ikawaka taa ya bluu, yule mzee wa safu ya mbele akainuka, akapanda jukwaani akicheza, akamtuza noti kwenye paji la uso. Na Sikudhani, mtu wa watu, mwanamke aliyelelewa Kitongwe, alifanya lile ambalo mjini wamelisahau tangu walipoanza kurusha pesa kwa mbali. Aliinama, akamuuliza.

"Ahsante, baba. Nani jina lako, na kwenu wapi, nikutaje?"

Mzee alimtazama msimamizi. Swali hilo halikuwemo kwenye mazoezi. Lakini huenda ilikuwa zamani mno tangu mtu amuulize jina lake kwa adabu, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Mwinjuma, wa Bonde la Chumvi. Mwimbaji."

Akamtia kwenye ubeti. Mwinjuma aliibandua noti ile pajini, akashuka na kumrudishia msimamizi, ambaye alimpa mwanamke aliyefuata. Sikudhani aliitambua kwa pembe yake iliyobandikwa gundi.

"Ahsante, mama. Nani nikutaje?"

"Havijawa, wa Mlowezi. Mwimbaji na mimi."

Wa tatu alikuwa mwimbaji. Wa nne alikuwa mpiga zeze, akaomba radhi kwamba haimbi sana. Havijawa alikuwa hajashuka bado. Alisimama pale jukwaani akimtazama Sikudhani kama anayetazama picha yake ya zamani. Sikudhani, huku akilivuta neno mpenzi kwenye kiitikio, alimwinamia sikioni.

"Dada, humu ndani nani asiyekuwa mwimbaji?"

"Yule anayeuza soda nje," alisema Havijawa. "Kifurushi hakikamiliki, mwenzangu. Ukifika unaambiwa kuna ada ya kukamilisha, ukiilipa inazaa nyingine. Ukishindwa unalipa kwa kusikiliza wenzako. Mwinjuma alimaliza ng'ombe zake, mimi niliuza kiwanja cha wanangu, na wimbo wangu haujasikiwa na mtu ila hawa. Kesho utakaa nami pale, safu ya tatu. Pana nafasi."

Hasira ilimpanda Sikudhani, hasira ya kweli, ile inayokausha mate. Aliwaona wanawake wa Kitongwe wakitwanga, viganja vimetoka malengelenge, wakimsubiri. Alimwona Mshindo. Akamwacha mpenzi pale pale katikati ya neno, akaisogelea maikrofoni, akaimba kwa ile sauti aliyozoea kuimbia juu ya mashine.

*Mwinjuma wa Bonde la Chumvi, ng'ombe zake zimeliwa na wizara,*
*Havijawa wa Mlowezi, kauza kiwanja kanunua makofi,*
*Mshindo wa Kitongwe, kazama utepe ukimtazama,*
*Mrudishe, Nyakera.*

Waimbaji hawafundishwi kiitikio mara mbili. Ukumbi mzima uliitikia bila taa. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, bila noti, wakipaza majina yao na makwao, naye akiyapokea na kuyaweka mahali pake pamoja na yale ya wafu wa Kitongwe, hata mtu asijue nani kachukuliwa na maji na nani kachukuliwa na ofisi. Mwisho aliimba wazi, mtoto angeelewa: *Mlioko majumbani, msije. Huku hakuna masikio, kuna mdomo tu. Tujengeeni pa kupita.*

Kwenye chumba cha mitambo Bwana Fumbata alikuwa akipiga meza. "Kata! Kata matangazo!"

"Kitufe kimekwama, mheshimiwa," alisema fundi mitambo, mikono yake ikiwa mapajani inafuata mapigo. Yeye alikuwa mpiga ngoma, Kifurushi cha Kipepeo, mwaka wa sita.

*

Sikudhani alirudi kwenye mafagio yake akafunga furushi, akangoja polisi. Aliogopa, lakini alikuwa na furaha. Alikuwa amesikika. Nchi nzima imesikia majina ya watu wake na imesikia kwamba wasije. Polisi wakija waje.

Aliyekuja ni Bwana Fumbata, na maua ya plastiki.

"Mama," alisema, "umetisha. Simu za wizara zimezidiwa. Nchi nzima wanapiga, wana swali moja tu."

"La daraja?"

"La majina. Wanauliza wafanyeje ili waimbwe na wao. Kule Mlowezi ndugu zake Havijawa walishamhesabu amepotea. Wamechinja mbuzi kwa kumsikia redioni. Jina lake, mama, na la kwao, mbele ya taifa. Tumefungua Kifurushi cha Jina sasa hivi."

"Lakini nimesema wameibiwa. Nimesema watu wasije."

"Hapo ndipo ulipoua kabisa. Msije. Watu wameelewa kwamba nafasi ni chache."

Ijumaa hiyo Mtukufu Msikilizaji Mkuu alikula, akasikiliza, na taarifa rasmi ilisema ametikisa kichwa. Kabla ya matunda aliuliza hiyo Nyakera ni kitu gani. Akaambiwa ni mto ambao hauna daraja. Akaamuru daraja lijengwe bila kuchelewa, na nchi ile si ya kuchelewesha amri. Jumatatu lilikuwa tayari. Lilijengwa jukwaani, ndani ya Jumba la Usikivu, kwa mbao nyepesi zilizopakwa rangi ya saruji, na chini yake makarani wawili walitikisa kitambaa cha bluu ili Sikudhani aimbe akiwa juu. Waziri alikata utepe, vizuri safari hii.

"Na la kwetu?" aliuliza Sikudhani.

"La kwenu lilishazinduliwa mara mbili, mama. Tukilizindua la tatu mikoa mingine itanung'unika."

Alisema haimbi tena. Bwana Fumbata hakugombana naye. Alimweleza kwa upole kwamba wimbo umezaliwa chini ya paa la wizara, kwa hiyo ni mtoto wa wizara, na mwingine yeyote anaweza kuuimba. Ila mashine ya Kitongwe itarudishwa iwapo ataimba yeye mwenyewe msimu mzima. Sikudhani aliwafikiria wale wanaotwanga, akakubali, na hilo lilimuuma kuliko yote, kwa sababu safari hii alijua anachokubali.

Basi kila asubuhi alipanda daraja la mbao akaimba majina ya waliolipia. Na kila asubuhi alitia onyo lake, kila siku wazi zaidi ya jana. Aliimba kwamba makofi ni ya mazoezi. Aliimba kwamba noti ni moja. Siku moja alimtaja Bwana Fumbata kwa jina na akamwita mwizi, na Bwana Fumbata, kwa kuimbwa jina lake, alilia machozi ya furaha kabla ya taa ya njano. Vifurushi viliuzwa kuliko mwaka wowote.

*

Alhamisi moja, baada ya onyesho, aliitwa mlangoni. Lori lilikuwa limesimama uani, na wanawake walikuwa wakishuka kwa kushikana mikono, khanga mpya kwa chini zimejaa matope. Aliwafahamu kabla hawajageuka. Walikuwa foleni yake yote ya mashineni.

Zamoyoni alimkumbatia mpaka akamkosesha pumzi. "Wifi yangu. Tulikusikia. Wote tulikusikia, tulikaa kwenye redio ya Mzee Kitwana mpaka betri ikafa."

"Mmefuata nini huku, wifi?"

"Kifurushi cha Jina. Kijiji kizima. Yaani wanaimbwa watu wa Mlowezi, sisi wenye wimbo wenyewe tukae tu?"

"Mmelipa kwa kitu gani?"

"Mashamba," alisema Zamoyoni, kama anayetaja kitu kidogo. "Na vinu. Tutatwanga nini tena, na mashamba hatuna?"

Sikudhani aliwatazama mmoja mmoja. Hao ndio waliokuwa wasikilizaji wake, pekee aliowahi kuwa nao, na sasa walikuwa wamekuja kuthibitishwa. Alitaka kupiga kelele, sauti ikatoka ndogo.

"Niliwaambia msije. Kila siku nimesimama pale juu nawaambia ninyi, msije."

"Tulisikia," alisema Zamoyoni. Alionekana kushangaa kweli. "Sasa ungetaka tusije, wifi, mbona uliimba vizuri namna ile?"

Sikudhani alianza kuwahesabu kwa macho, jinsi alivyozoea kuhesabu mabeseni ya mahindi asubuhi, akaona pengo ubavuni mwa Zamoyoni.

"Tunu yuko wapi?"

Wanawake walianza kukung'uta matope kwenye khanga zao.

"Mto ulikuwa umejaa," alisema Zamoyoni. "Tulishikana mikono wote. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye mstari." Kisha akaongeza upesi upesi, "Lakini jina lake lipo, usiwe na wasiwasi. Alishalipia. Tumeuliza hapa mlangoni, wametuambia haki yake haipotei. Utamwimba kesho pamoja na sisi."

"Mmemzika wapi?"

"Hajaonekana bado."

"Hajaonekana bado, na ninyi mkapanda lori?"

Zamoyoni alifungua khanga yake akaifunga upya, asimtazame usoni.

"Kifurushi kinaisha muda wake Ijumaa, wifi," alisema. "Tungefanyaje?"